Chumvi, bakuli na mbasela

Msikilizaji, ukishuka Kashikishi, kwenye soko la samaki la Nchelenge kandokando ya Ziwa Mweru, utawakuta chisense, dagaa wa huku, wamekauka juani. Wengi huuzwa kwa bakuli la plastiki, na bakuli lina ugomvi wake. Limejaa pomoni, au limesawazishwa kwa kiganja? Dagaa wakavu, au bado wana unyevu? Bakuli hupima ujazo. Mkemia anataka gramu.

Tazama chumvi wanayopakwa samaki wakubwa. Sodiamu, namba 11 kwenye jedwali la elementi, ni metali laini. Itupe ziwani uone moto. Klorini, namba 17, ndiyo gesi iliyoua askari huko Ypres mwaka 1915. Atomu za hizo mbili zikishikana, moja ya hii na moja ya ile, unapata kiungo cha mchuzi. Idadi ni sawa, uzito hapana: gramu 23 za sodiamu hudai gramu 35.5 za klorini. Kwa bakuli ungelijuaje hilo?

Dmitri Mendeleev, aliyetoa jedwali lake mwaka 1869, kuanzia 1893 aliongoza ofisi ya mizani na vipimo ya Urusi. Mimi hilo hunifurahisha kuliko jedwali lenyewe. Na kilo? Tangu 2019 haitegemei tena kipande cha metali kilichofungiwa karibu na Paris.

Kashikishi, mama muuzaji amekwisha kujaza bakuli. Anachota kiganja kimoja zaidi, anamwagia juu. Hiyo ndiyo mbasela, nyongeza ya bure; haipimwi.