Sheria Zilizotoka Ujiji: Kaluta Amri Abedi na Elimu ya Ushairi



Jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi wengi wetu tunalisikia kwenye matangazo ya mpira, kwa kuwa uwanja mkubwa wa Arusha umepewa jina lake. Leo naomba tumrudishe Ujiji, alikozaliwa mwaka 1924, tumzungumzie kama mshairi na mwalimu wa washairi.

Alisoma Tabora, akawa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, akasoma Pakistan, akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Alifariki Ujerumani mwaka 1964, akiwa kijana wa miaka 40 tu. Katika kazi zake zote, inayonigusa zaidi ni kitabu cha mwaka 1954: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri.

Kabla ya kitabu hicho, elimu ya vina na mizani ilikuwa ikipatikana zaidi kwa kukaa miguuni pa malenga, huko Lamu, Mombasa, Pemba au Tanga. Ujiji ilikuwa na Kiswahili tangu enzi za misafara, Waha, Wamanyema na watu wa pwani walipokutana sokoni. Lakini kijana wa huku ambaye hakuwa na malenga jirani angejifunzia wapi? Amri alimwandikia.

Tazameni elimu yenyewe inavyofundishika. Mwambie mtoto wa Kibirizi, huku Kigoma, ahesabu mizani ya neno mgebuka, samaki anayemwona kila siku. Huenda akasema tatu. Mwache alitamke polepole: m-ge-bu-ka. Ni nne, maana ile m ya mwanzo inasimama peke yake. Akilishika hilo, ataweza kujaza kipande cha mizani 8, kisha mshororo wa mizani 16, na hakuna atakayemuuliza kwao ni wapi.

Tangu mshairi Kezilahabi atoe Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, wapo wanaomwona Amri kuwa mtu aliyeufunga ushairi. Siafiki. Kweli, aliposhikilia kwamba shairi lisiloimbika halina maana, alikaza mno. Mashairi huru yamekwisha kuthibitisha nafasi yao. Lakini kuandika sheria ili kila mtu azisome ni kufungua mlango. Tena mshairi Saadani Kandoro, mwana mwingine wa Ujiji na mmoja wa waasisi 17 wa chama cha TANU, alionyesha kwamba vina na mizani vingeweza kuitumikia siasa ya uhuru.

Walimu wa Kigoma, nawaomba jambo moja. Kabla hamjawapa watoto maswali ya uchambuzi, wapeni shairi waliimbe, kisha waacheni watunge la kwao. Na kitabu cha Amri kiwekwe katika kila maktaba ya shule ya mkoa huu.