Si Wingi wa Mvua: Kiangazi, Ukungu na Moto katika Uundaji wa Misitu ya Tanzania

Songea na Lushoto hupata kiasi cha mvua kisichopishana sana kwa mwaka, milimita 1,000 na ushei. Hata hivyo Songea ni nchi ya miombo, inayopukutisha majani kila kiangazi, ilhali milima inayoizunguka Lushoto ina msitu wa kijani mwaka mzima, wenye mikulo na mashina yaliyofunikwa na kuvumwani. Jumla ya mvua ingekuwa ndiyo mwamuzi, tofauti hiyo isingekuwepo. Hoja ninayoitetea katika mada hii ni kwamba kinachotenga msitu mmoja na mwingine nchini kwetu, kabla ya kingine chochote, ni urefu wa kiangazi, pamoja na yale yanayokipunguzia au kukiongezea makali: ukungu, baridi ya mwinuko, udongo na moto. Ramani za mvua ya mwaka, ambazo mipango mingi ya upandaji miti huanza nazo, huficha jambo hilo.

Tuanze na miombo, kwa kuwa ndiyo inayochukua sehemu kubwa zaidi ya misitu yetu. Mvua yake huja kwa mkupuo mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi mitano au sita hupita karibu bila tone. Mti unaotaka kuishi hapo hauna budi kupunguza matumizi ya maji, na miyombo, mitundu na mininga hufanya hivyo kwa kuangusha majani. La ajabu ni kwamba miti mingi ya jamii ya miyombo huchipua majani mapya mekundu mnamo Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado haijaonja mvua, kwa kutegemea maji yaliyohifadhiwa mwilini na yanayofikiwa na mizizi ya kina. Udongo wenyewe ni hafifu, na miti hiyo hupata lishe kwa kushirikiana na kuvu wanaoishi mizizini. Uyoga mtamu unaookotwa miomboni masika ni zao la ushirika huo. Kwenye milima ya Usambara, iliko Lushoto, mambo ni mengine. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda na kupoa, na hata kati ya vuli na masika huacha manyunyu na ukungu. Majani hunasa matone ya ukungu na kuyadondosha chini, maji ambayo kipimamvua kilichowekwa uwanjani hakiyahesabu.

Kilimanjaro hutupa ushahidi ulio wazi zaidi, maana mlima ni mmoja. Upande wa kusini, unaopokea pepo zenye unyevu, mvua hufikia kilele karibu na mita 2,200 na msitu wa mikulo hustawi. Upande wa kaskazini, kwenye mwinuko uleule, mvua ni kidogo mno na wenyeji wa msitu ni mwangati na mzaituni mwitu, miti inayovumilia ukavu.

Pingamizi zito zaidi linasema kwamba miombo ni kazi ya mikono ya binadamu, kwa kuwa sisi ndio tunaoichoma. Pingamizi hili lina ushahidi. Huko Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanzishwa miaka ya 1930 yalionyesha kuwa vitalu vilivyokingwa dhidi ya moto viliendelea kufunga na kupata miti ya kijani cha kudumu, na vile vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyasi zenye miti michache. Nakubali, basi, kwamba moto huamua sura ya msitu. Lakini nyasi haziwaki mpaka zikauke, na kiberiti hichohicho hakifui dafu ndani ya msitu wa Uluguru wenye unyevu. Binadamu huwasha, ila kiangazi ndicho kinachoandaa kuni. Juu ya Kilimanjaro, mtafiti Andreas Hemp ameonyesha jinsi hali ya hewa ilivyozidi kukauka na moto ukaushusha mpaka wa juu wa msitu, na pamoja nao uwezo wa kunasa maji ya ukungu.

Wengine watataja misindano ya Sao Hill, Mufindi, iliyoota penye nyasi: je, si mtu ndiye aliyeamua? Aliamua, na analazimika kuendelea kuamua kila mwaka kwa kupalilia na kufyeka njia za kuzuia moto. Kanuni hii ya kiangazi ina mpaka wake kwingine, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ambako chumvi na kujaa na kupwa kwa maji hupanga mlilana, mkoko na mchu kuliko mvua yoyote.

Kwa hiyo napendekeza kampeni za miti ziache kujipima kwa idadi ya miche. Penye kiangazi kirefu visiki vingi viko hai ardhini, na kinachohitajika ni kuvikinga. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani maeneo yanayotengwa kwa malisho ya kiangazi, kwenye mamia ya maelfu ya hekta hasa kwa kuzuia mifugo na kuacha visiki vichipue. Njia hiyo haiwezi kuhamishiwa Usambara kama ilivyo. Mbegu za miti mingi ya msitu wa mvua hufa zikikaushwa, na miche yake hutaka kivuli na unyevu, hivyo fedha za huko zielekezwe kwanza kulinda miti mama iliyosimama na vipande vya msitu vinavyoizunguka.