Fidia ya Kalamu: Mawaidha ya Usiku wa 17 Ramadhani



Sifa njema zote ni za Allah. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu katika imani. Tarehe kama hii, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu waliokuwa wachache walikutana na jeshi la Makureshi penye visima vya Badri. Wakashinda, wakapata ngawira na mateka wapatao 70. Mara wakahitilafiana: nani achukue nini? Ndipo ikateremka Sura al-Anfal, ikaitoa mali ile mikononi mwa waliohitilafiana. Aya yake ya 41 ikatenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ambayo ndani yake imo haki ya mayatima, maskini na wasafiri.

Na mateka je? Wenye mali walijikomboa kwa fedha, baadhi yao hadi dirhamu 4,000. Ama wasio na mali lakini wajuao kuandika, wapokezi wa sira wanatueleza kwamba fidia yao ilikuwa kila mmoja kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Imepokewa kwamba Zaid bin Thabit alijifunza kuandika kwa njia hiyo. Naye ndiye ambaye baadaye Khalifa Abubakar alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani. Dirhamu zile zilikwisha zamani. Elimu ile haijakwisha.

Ilipofunguliwa Iraki, baadhi ya sahaba walitaka ardhi yake igawanywe kwa wapiganaji. Sayyidna Umar alikataa. Alitegemea Sura al-Hashr, inayokataza mali kuzunguka baina ya matajiri peke yao na kuwataja pia watakaokuja baadaye. Ardhi ikabaki kwa wenye kuilima, na kodi yake ikaingia katika hazina ya umma.

Afrika Mashariki tumeona kinyume chake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitwaa mashamba ya Wajerumani huko Tanganyika kama mali ya adui, wakayauza kwa mnada. Wenyeji wa Kilimanjaro na Meru, ambao Wajerumani waliwapokonya ardhi hiyo hapo kwanza, kwa sehemu kubwa hawakurudishiwa. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Ndugu zangu, hapa Minneapolis na Saint Paul tunaishi na waliokimbia vita vya Somalia na vya Kongo ya mashariki, wakaacha nyumba na maduka ambayo wengine walijigawia. Tuseme wazi: raia asiyepigana si adui, na nyumba yake si ngawira. Aliyeichukua ana deni, hata akiijengea msikiti.

Sisi hatuna mali ya mateka ya kugawa. Tunayo kalamu. Darasa letu la watoto la Jumamosi limepungukiwa na walimu, si vitabu. Mateka wa Badri, tena mshirikina, alifundisha watoto kumi ili awe huru. Wewe uliye huru tayari, utafundisha wangapi? Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni.

Ewe Mola, warudishie waliodhulumiwa haki zao, uwanufaishe watoto wetu kwa elimu, na utakabali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.