Baiskeli ya Safari Ndefu



Vijana wameniuliza wanunue baiskeli gani ya safari ndefu. Jibu langu: iangalieni njia kabla ya kwenda dukani. Kutoka Karatu hadi lango la Ngorongoro kuna lami. Lakini njia nyingi za vijijini ni udongo mwekundu, vumbi kiangazi na utelezi masika.

Huko tairi jembamba la mashindano, la milimita 25, halifai. Chagueni fremu inayopokea tairi la milimita 40 au zaidi. Tairi pana hujazwa upepo wa kiasi, likameza mawe yasiufikie mgongo. Gia ziwe nyepesi, maana kutoka Karatu hadi ukingo wa kreta mtapanda zaidi ya mita 600.

Kubwa zaidi ni fundi. Fremu ya chuma ikikatika, hata fundi wa mageti ataijaribu kwa kulehemu. Ya kaboni ikipasuka, safari imekwisha. Kabla ya kulipa, mwulizeni fundi wa kwenu kama anazo tairi, tyubu na spoku za kipimo hicho. Baiskeli nyepesi isiyo na vipuri huwa nzito sana ukiisukuma kilomita 30.