Shangingi na Tumbo Lake

Wengi huniuliza bei ya shangingi langu, Land Cruiser ya mwaka 1994. Hawaniulizi linakula nini. Injini yake ya dizeli ni ya lita 4.2, na tangi hubeba lita 95. Kwenye foleni za Dar es Salaam linakunywa hata likiwa limesimama. Matairi manne mapya ni ada ya mtoto shuleni. Kariakoo sipati pa kuliegesha.

Lakini masika, vichochoro vya kwetu Chanika vinapogeuka tope, ndilo linalomfikisha mjamzito hospitali usiku. Hapo sihesabu lita.

Basi, unayelitaka kwa kwenda ofisini na kurudi tu, daladala inakutosha. Fahari ya gari kubwa ni kazi yake, si kimo chake.