Keki za Pasaka kwa Jiko la Mkaa

Wapendwa wanakamati na wafadhili,

Keki za kwanza tuliziunguza. Tulijaza mkaa chini ya sufuria. Chini zikawa nyeusi, katikati mbichi. Trei nzima ya mayai ya mkopo ikapotea, Pasaka imebaki siku mbili. Akina mama walilia.

Tukaanza upya: mchanga ndani ya sufuria kubwa, moto kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Keki ya kakao huwezi kuijua kwa rangi. Tunachoma kijiti, kikitoka kikavu imeiva. Isipopoa vizuri, msalaba wa sukari nyeupe huyeyuka.

Kakao inalimwa Kyela, lakini unga wake ndio uliotugharimu zaidi.

Zilizofuata zimenunuliwa zote. Hata hivyo, tunaomba turejeshe mkopo Pentekoste.