Kabla ya Siku ya Kusikilizwa: Mtoto na Familia Yake Mbele ya Baraza, Bujumbura

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuzisaidia familia zilizo katika hali ngumu shauri la mtoto linaposikilizwa. Nitakaa zaidi kwenye wiki zinazotangulia siku hiyo, kwa kuwa mashauri mengi ya watoto huharibika kabla hakimu hajafungua jalada.

Tuseme kijana amekamatwa soko la Ruvumera, mtaani Buyenzi, akiwa na simu isiyo yake. Tangu Kanuni ya Adhabu ya 2009, umri wa kuwajibika kwa jinai nchini Burundi ni miaka 15. Zamani ulikuwa 13. Akiwa hajafika 15 hapaswi kuadhibiwa. Linalobaki ni kujua nani atamtunza na kwa nini alikuwa sokoni saa za shule. Lakini umri huo nani atauthibitisha? Mama anasema 13. Polisi anamtazama mabega, anasema 16. Pasipo cheti cha kuzaliwa, mabega hushinda.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni kufuatana na mama hadi komini, kutafuta kadi ya kliniki, kumtafuta jirani aliyekuwepo mtoto alipozaliwa. Ni kazi isiyo na sifa, na humgharimu mama siku nzima ya kuuza lengalenga. Nauli ya safari hiyo sijaiona katika bajeti nyingi za miradi yetu. Za semina tunazo.

Familia nyingi huanzia kwa bashingantahe, wazee wa usuluhishi, nami siwalaumu. Wazee hao wako karibu na wanaijua nyumba. Udhaifu wao, kwa maoni yangu, ni mmoja: humjadili mtoto naye yuko nje ya mlango. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 12 kinampa mtoto nafasi ya kusikilizwa, yeye mwenyewe au kwa mwakilishi. Wasiosomea sheria wanaweza kuifanya kazi hii vizuri: huko Scotland, tangu 1971, raia watatu wa kawaida huketi meza moja na mtoto na wazazi wake kuamua matunzo yake. Tofauti yao na bashingantahe ni kile kiti cha mtoto.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa Buyenzi anaeleza kwa Kiswahili, anaulizwa kwa Kirundi, na maneno yake huenda yakaandikwa kwa Kifaransa. "Sitaki kurudi kwa baba" inaweza kufika kwenye jalada ikiwa "mtoto ni mkaidi". Anayeisindikiza familia amuulize mtoto mapema, kwa lugha ya nyumbani, bila shangazi wala baba wa kambo kusimama pembeni. Kisha aombe maelezo yaliyoandikwa yasomwe kwa sauti, mtoto ayasahihishe kabla kikao hakijafungwa.

Napendekeza kila kamati ya ulinzi wa mtoto mtaani imteue mtu mmoja wa kuifuata familia tangu siku ya malalamiko hadi miezi kadhaa baada ya uamuzi, na nauli yake iandikwe katika bajeti.